Nataka jiko lisilokula mkaa: neno la mteja linavyogeuka kuwa kipimo cha fundi

Muulize mama lishe yeyote anataka jiko la namna gani, atakujibu kwa pumzi moja: lisilokula mkaa, liwake upesi, lidumu, na bei isiumize. Hakuna neno gumu hapo. Sasa lipeleke jibu hilo kwa fundi bati umwambie akate. Atakutazama tu, mkasi mkononi, kwa sababu "lisilokula mkaa" halina kipenyo, halina unene, halina uzito. Kati ya sentensi ya mama lishe na mkasi wa fundi pana kazi nzima ya kihandisi: kuyageuza mahitaji ya mteja kuwa vigezo vinavyopimika.

Wengi hudhani ugumu wa kazi hii uko kwenye namba. Naona namba ndiyo sehemu nyepesi. Mambo huharibika kwingine: pale mbunifu anapoandika dawa aliyoitaja mteja bila kuuliza maradhi, na pale anapopima bidhaa kwa namna ambayo hakuna mtu aitumiaye hivyo. Kigezo chenye desimali mbili kilichotokana na jaribio lisilofanana na jikoni ni uongo uliovaa suti.

Njia inayofundishwa vyuoni kwa kazi hii ilianzia Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa ubora Yoji Akao alihimiza kwamba ubora upangwe bidhaa ikiwa bado kwenye karatasi, usisubiri mkaguzi mwishoni mwa kiwanda. Mwaka 1972 uwanja wa kuunda meli wa Mitsubishi huko Kobe ukaonyesha jedwali lake: mistari ya kulala inabeba anachotaka mteja, safu za kusimama zinabeba vitu ambavyo mhandisi anaweza kupima, na kwenye makutano inaandikwa kama kitu hiki kinagusa hitaji lile, na kwa nguvu gani. Toyota na wasambazaji wake wakalichukua, na katika miaka ya 1980 likavuka bahari kwenda Marekani. Juu ya jedwali huchorwa pembetatu ya kuonyesha vipimo vinavyogombana vyenyewe kwa vyenyewe, ndiyo maana likaitwa nyumba ya ubora.

Vitabu hulieleza kwa mlango wa gari. Mimi naona jiko la mkaa linatosha, tena linazidi, maana karibu kila msomaji amewahi kulipepea.

Jiko lenyewe tunalijua: kiuno katikati, bati nje, chungu cha udongo uliochomwa ndani, juu tu. Lilizaliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Nairobi ilikuwa imetoka kuandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati jadidifu, Agosti 1981. Wazo la udongo ndani ya bati lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, mashirika ya Kenya ya nishati na mazingira kama KENGO yakalisukuma, na mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani, wale wa Shauri Moyo jijini Nairobi wakiwa mstari wa mbele, wakaligonga mpaka likawa la kwao. Jiko la zamani la bati tupu hufikisha kwenye sufuria kiasi cha asilimia 10 hadi 20 ya joto la mkaa. Hili la udongo hufikisha 25 hadi 40. Limeenea Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko, kila nchi na jina lake.

Tuanze na kusikiliza. Mazungumzo ya mbunifu na mteja, yakiendeshwa vizuri, huwa hivi:

"Shikamoo mama. Hili jiko lako lina kasoro gani?"

"Marahaba. Bati lake jembamba. Mtuwekee bati nene."

"Likiwa jembamba linakusumbua nini?"

"Linaoza huku chini, kwenye majivu. Haichukui muda, limetoboka."

"Na likitoboka?"

"Makaa yanadondoka sakafuni, mwanangu, na hapo juu nimeshabandika maharage. Nitalinyanyua saa ngapi?"

Mbunifu mwenye haraka angeondoka baada ya jibu la kwanza na kuandika: bati liwe la milimita moja. Angekuwa ameandika suluhisho. Hitaji limejificha kwenye jibu la tatu: makaa yasianguke sakafuni kwa muda wote wa maisha ya jiko, hata wakati haliwezi kusogezwa. Kwa hitaji hilo bati nene ni njia moja kati ya kadhaa. Kuna sahani ya majivu inayochomolewa na kubadilishwa peke yake. Kuna kuinua tumbo la jiko lisigusane na sakafu yenye unyevu. Kuna kurekebisha mlango wa hewa ili majivu yakokoleke yote, yasibaki kwenye kona yakila bati. Bati nene, kwa upande wake, hupandisha bei na uzito, na fundi mwenye mkasi wa mkono hawezi kulikata siku nzima. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kuandika hitaji kwa kusema bidhaa ifanye nini, bila kusema iwe imetengenezwaje. Nusu ya ubishi wa vikao vya ubunifu ungekwisha hapo.

Yapo pia yasiyosemwa. Mwaka 1984 Noriaki Kano, Mjapani mwingine, alitofautisha mahitaji ambayo mteja huyachukulia kuwa ya lazima, yale anayoyapimia bidhaa kwa kadiri yanavyoongezeka, na yale yanayomfurahisha kwa kuwa hakuyatarajia. Kundi la kwanza ndilo la hatari. Hakuna mpishi atakayekwambia "nataka jiko lisilopinduka". Kwake jiko linalopinduka si jiko. Ukitegemea dodoso, hitaji hilo halitaingia kwenye jedwali, na utalijua siku uji wa moto utakapomwagikia mtoto. Utaliona tu ukikaa jikoni ukatazama: mguu wake anauweka wapi anaposonga, kitambaa anakishikaje, kigoda kiko umbali gani.

Na kuna hitaji ambalo mteja hawezi kulisema hata ukimkalisha mwaka mzima, kwa sababu hisia zake hazimwambii. Mkaa ukiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua. Jiko la mkaa halina moshi mwingi, basi mtu huliingiza ndani usiku wa baridi akidhani amefanya la salama. Udongo wa ndani unaokoa mkaa lakini hauiondoi gesi hiyo. Kigezo cha namna hii hakitoki kwa mteja, kinatoka kwa mhandisi, kwa daktari na kwa sheria, na lazima kiandikwe kwenye mstari wake hata kama hakuna aliyekiomba.

Sasa turudi kwenye mkaa. Mama lishe hanunui kilo, ananunua kopo au debe, na anachojua ni kwamba kopo hili lilimfikisha saa ngapi. Mhandisi hawezi kupima kwa kopo, kwa sababu kopo la mkaa wa mti mgumu lina uzito kuliko kopo la mkaa mwepesi, na mkaa ulionyeshewa una maji ndani yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukubaliana: mkaa upimwe kwa gramu, ukiwa mkavu.

Tufanye hesabu. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa sababu ya mwinuko. Chukua lita 5 zenye nyuzi 24. Zinahitaji kupanda nyuzi 70. Kila lita hudai kilojuli 4.19 za joto kwa kila nyuzi, kwa hiyo jumla ni karibu kilojuli 1,465. Kilo moja ya mkaa mkavu ina takriban kilojuli 29,000. Jiko la bati lenye ufanisi wa asilimia 20 litahitaji mkaa wenye kilojuli 7,300 hivi, yaani gramu 250. Jiko la udongo lenye asilimia 35 litahitaji gramu 145 tu. Mtu akiona hivyo anaandika kigezo chake kwa furaha: ufanisi wa joto usiopungua asilimia 35. Namba ipo, kipimo kipo, kazi imekwisha.

Haijakwisha. Chungu cha ndani nacho kinakula joto. Tuseme kina kilo 3, na joto lake la wastani linapanda nyuzi 300 kabla hakijatulia. Udongo uliochomwa hudai karibu kilojuli 0.85 kwa kilo kwa kila nyuzi, kwa hiyo kukipasha tu kunameza kilojuli 765. Lita moja ya maji ya chai inahitaji kilojuli 293. Maana yake, mtu anayechemsha chai ya asubuhi, akazima, akaondoka kwenda kazini, amepasha udongo kwa joto la zaidi ya mara mbili ya lile la chai yake. Kwake jiko hili "linakula mkaa", na hasemi uongo. Jirani yake anayechemsha maharage na kande mchana kutwa anapasha udongo mara moja tu, kisha udongo unamlipa kwa kuzuia joto lisitoroke. Naye anasema "halili mkaa", na naye hasemi uongo. Sentensi ya mteja ni moja, jiko ni moja, majibu mawili yanayopingana, na yote ni sahihi.

Kwa hiyo kigezo kinachosema "asilimia 35" bila kusema ni kwa kazi gani ni nusu ya kigezo. Kilichokamilika kingesomeka hivi: jiko likianza baridi, mpishi aliyezoea mkaa, sufuria ya lita 5 yenye kifuniko, kilo moja ya maharage makavu yaliyolowekwa usiku, yapikwe mpaka yaive kwa ulimi wa mpishi mwenyewe, mkaa uliotumika, baada ya kutoa makaa yaliyobaki, usizidi robo tatu ya ule uliotumiwa na jiko la bati, mpishi huyohuyo, maharage ya gunia lilelile. Kigezo hiki ni kirefu na hakina desimali. Lakini mtu wa Mwanza na mtu wa Kisumu wakikifuata watapata majibu yanayoweza kulinganishwa, na kila mmoja atakuwa amepima kile mteja alichokuwa analalamikia.

Wataalamu wa majiko wamelijua hili muda mrefu. Ndiyo maana wana jaribio la kuchemsha maji, ambalo ni rahisi kurudia, na jaribio la kupika chakula halisi kwa masharti maalumu, ambalo ni ghali na lina ubishi mwingi. La kwanza linafaa kulinganisha miundo haraka karakanani. La pili ndilo la kuahidi nalo. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 19867-1 cha kupima majiko maabara, na waraka mwenzake wenye madaraja ya 0 hadi 5. Ufanisi kati ya asilimia 30 na 40 uko daraja la 3, na daraja la 5 linaanzia 50. Kaboni monoksidi, chembechembe za moshi, usalama na uimara navyo vina madaraja yake, kila kimoja peke yake. Nalipenda hilo la kutovichanganya, maana jiko linaweza kuwa na ufanisi mzuri likashindwa vibaya kwenye gesi.

Nimesema kupinduka hakusemwi. Hebu tulitafsiri hitaji hilo, kwa sababu hapa ndipo panapoonekana jinsi hitaji moja linavyozaa jingine.

Kusonga ugali mgumu ni kusukuma sufuria kwa ubavu, tena na tena. Chukua jiko lenye mkaa, kilo 6, na sufuria yenye ugali, kilo 4. Jumla kilo 10, sawa na nguvu ya newton 98 inayokandamiza chini. Mwiko unasukuma kwenye kimo cha sentimita 35 kutoka sakafuni. Kitako cha jiko ni duara la kipenyo cha sentimita 26, nusu yake 13. Jiko litaanza kuinuka upande mmoja pale nguvu ya mwiko mara 35 itakapozidi 98 mara 13. Nguvu hiyo ni newton 36, sawa na kunyanyua mzigo wa kilo tatu na nusu na ushee.

Sasa fundi anakuja na hoja yake, tena ya haki: sakafu za watu si tambarare, jiko la kitako cha duara litacheza, tuweke miguu mitatu. Miguu mitatu haichezi kamwe, popote uiwekapo. Lakini ikiwa imekaa kwenye duara lilelile la sentimita 26, jiko halipindukii tena kwenye ukingo wa duara. Linapindukia kwenye mstari unaounganisha miguu miwili, na mstari huo uko sentimita 6.5 tu kutoka katikati, nusu ya ilivyokuwa. Newton 36 zimeshuka kuwa 18. Mahitaji mawili, "lisicheze" na "lisipinduke", yamegongana kwenye jambo dogo kama idadi ya miguu. Unaweza kuchagua minne, ambayo kwenye duara hilo inakupa newton 26 hivi lakini inarudisha kuchezacheza, au ukaitanua ile mitatu ikatoka nje ya kitako, na mpishi akajikwaa nayo.

Subiri, bado. Kabla jiko halijapinduka, je, sufuria si itateleza? Tuseme hapa chuma juu ya chuma huteleza kwa robo ya uzito unaokandamiza. Sufuria ya kilo 4 inakandamiza newton 39, robo yake ni newton 10 hivi. Kwa hiyo ukisonga bila kushika, sufuria itahama kabla jiko halijatikisika. Mbunifu anayeona hilo ataweka vishikio vyenye ncha vya kuizuia sufuria. Vizuri, imeacha kuteleza. Lakini sasa nguvu yote ya mwiko inahamia kwenye jiko, na lile ambalo lilikuwa linaokolewa na utelezi linapinduka. Kurekebisha mstari mmoja wa jedwali kumeharibu mwingine uliokuwa kimya.

Hiyo ndiyo kazi ya paa la nyumba ya ubora: kuandika mapema kwamba ukivuta hapa, pale panakazika. Unene wa udongo ni mfano mwingine ambao sitauchambua kwa urefu. Chungu kinene hudumu na hutunza joto, ila kinachelewa kupata moto, kinaongeza uzito, na kwa yule mnywa chai ni hasara tupu. Hakuna unene ulio sahihi kwa wote. Kuna unene sahihi kwa mteja uliyemchagua, na kutomchagua nako ni uamuzi, ila ni uamuzi ambao hakuna aliyeutia saini.

Kigezo kamili cha kupinduka, basi, kinahitaji namba ya kusonga yenyewe. Haipatikani vitabuni. Unafunga mizani ya ndoano kwenye ukingo wa sufuria iliyojaa ugali, unamwomba mpishi asonge kama siku zote huku mwenzako akizuia sufuria kupitia mizani hiyo, unasoma nguvu ya juu kabisa, unarudia kwa wapishi tofauti, kisha unachukua ile kubwa na kuongeza akiba. Wastani hapa haufai. Nusu ya wapishi wana mkono mzito kuliko wastani.

Kila kigezo hupewa thamani mbili: ile ambayo ukiivuka bidhaa haiuziki, na ile ambayo ungependa kufika. Uzito, kwa mfano: tuseme kilo 7 ndio mwisho, kilo 5 ndizo tunazotamani, kwa sababu jiko huwashwa nje na kuingizwa ndani likiwa limeshika moto, na anayelibeba huwa amelishika kwa masikio mawili ya bati, mbali na nguo. Nafasi kati ya thamani hizo mbili ndiyo uwanja wa kubadilishana. Ukiandika namba moja tu, kila majadiliano yanakuwa ugomvi.

Kuhusu alama, nina maneno machache. Jedwali la Kijapani huweka 9 pale uhusiano ulipo mkubwa, 3 wa kati, 1 mdogo, kisha unazidisha kwa umuhimu wa hitaji na kujumlisha safu. Mwishoni unapata kipimo chenye alama 214 na kingine chenye 198, na kikao kinapiga makofi kwamba cha kwanza kimeshinda. Zile 9 na 3 ni maoni ya watu waliokaa mezani, na kuyazidisha hakuyafanyi kuwa vipimo. Tofauti ya 214 na 198 haina maana yoyote. Faida halisi ya jedwali iko kwenye nafasi zake tupu. Mstari usio na alama hata moja ni hitaji la mteja ambalo hakuna anayelipima. Safu isiyo na alama ni kitu tunachokipima, pengine kwa gharama kubwa, na hakuna mteja aliyekiomba. Nikipewa jedwali kubwa la mradi wa mtu, naanzia hapo.

Mfano wa nje ya jikoni, tena wa kwetu. Mwaka 2005 Amos Winter wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alikuja Tanzania kuangalia watu wanavyotumia viti vya magurudumu, akaona viti vinavyofaa hospitali haviwezi barabara za vumbi na mawe. Yeye na wenzake wakabuni kiti kinachosukumwa kwa mipini miwili mirefu, chenye vipuri vya baiskeli ili fundi yeyote wa baiskeli aweze kukitengeneza. Mtumiaji akishika mpini juu anapata nguvu ya kupanda kilima, akishika chini anapata mwendo. Kilipoletwa Afrika Mashariki kujaribiwa na watumiaji, nje kilifanya vizuri. Ndani ya nyumba kilikuwa kizito na kipana mno. Toleo lililofuata likapunguzwa uzito na upana. Hitaji la kwanza, "nifike mbali", lilikuwa limetafsiriwa barabara. Hitaji la pili, "nipite mlangoni mwangu", lilikuwa la aina ile ya Kano: la lazima mno kiasi kwamba halisemwi.

Tumemzungumzia mpishi tu, lakini bidhaa ina wateja wengine. Muuzaji anataka majiko yapangike moja juu ya jingine kwenye mkokoteni. Fundi bati anataka vipande vinavyokatika kutoka pipa la mafuta lililokwisha kazi, bila kulehemu. Mfinyanzi anataka umbo linalotoka kwenye kalibu bila kukatika. Mara nyingi mfinyanzi na fundi bati hawako karakana moja, pengine hata si mji mmoja, na vyungu husafirishwa kwa lori mpaka vikutane na mabati yake. Hapo ndipo uimara wa bidhaa unapoamuliwa, na hakuna mteja wa mwisho atakayekuja kukisemea kiungo hicho.

Tatizo la kiungo hicho ni udongo. Ukikauka unasinyaa, ukichomwa unasinyaa tena, na jumla inaweza kufika asilimia 10 hivi kutegemea udongo wenyewe. Kalibu ya sentimita 25 inatoa chungu cha 22.5. Lakini udongo wa shimo la leo si sawa na wa jana. Ukisinyaa asilimia 9 utapata 22.75, ukisinyaa 11 utapata 22.25. Tofauti ya nusu sentimita ni kubwa kwa fundi anayetaka chungu kikae ndani ya bati bila kucheza na bila kubanwa. Kikibanwa, kitapasuka kikipata moto, maana udongo ulioshikwa pande zote hauna pa kupumulia. Kikicheza, kitapasuka kwenye mkokoteni.

Suluhisho lililotumika kwenye jiko hili ni zuri sana kwa maoni yangu. Bati hukatwa kubwa kidogo, na mwanya unaobaki hujazwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Wengine hutumia jivu. Watu huueleza mchanganyiko huo kama kizuia joto, na ni kweli. Lakini kazi yake nyingine, isiyotajwa sana, ni kumeza makosa ya vipimo. Bati likiwa na upana wa ndani wa sentimita 24, mwanya kila upande ni kati ya milimita 6 na 9 kwa vyungu vyote tulivyovitaja, na saruji haijali ni sita au tisa. Mfinyanzi ameruhusiwa kuwa mfinyanzi, na hakuna aliyelazimika kununua mashine.

Karatasi yenye namba hizi haina maana kwenye karakana isiyo na rula inayoaminika. Kwa hiyo kigezo kinapelekwa huko kikiwa chuma. Fundi bati hupewa kipande cha bati kilichokatwa umbo kamili la kufuatisha. Anayepokea vyungu hupewa pete mbili za nondo: moja ya kipenyo cha ndani cha sentimita 22.8, nyingine ya 22.2. Pete kubwa lazima ipite juu ya chungu, ndogo isipite. Kisha anakigonga kwa kifundo cha kidole asikie mlio, kama anavyofanya mnunuzi wa vyungu sokoni, kwa sababu chenye ufa hulia kwa kukwaruza. Chungu kisichopitwa na pete kubwa, kinachopitwa na zote mbili, au chenye mlio mbovu, kinarudi kwenye lori kabla hakijalipiwa.